Pete ya Mteja

Ubishi wa siku hiyo aliuanzisha Redio, na nani mwingine? Redio ni fundi simu. Simu za watu huzitengeneza kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika yake, akiwasomea wenzake habari za dunia kwa sauti ya kuwaamsha waliolala.

"Sikieni maajabu!" akapiga kelele. "Tajiri mmoja kaoa juzi. Pete yake mnajua wameitia nini? Kimondo! Jiwe limetoka huko angani, likadondoka, wakalipasua, wakalichomeka kwenye pete ya mwanaume!"

"Lingemdondokea yeye kwanza," akasema Mifupa, mwenye bucha ya jirani, aproni imejaa damu na hana haraka yoyote ya kurudi kazini. "Mwanaume mzima unavaa kokoto!"

Benchi zima likacheka. Benchi lenyewe liko kibarazani kwa kinyozi, na kwa kuwa kibaraza ni chake, kinyozi huyo anaitwa Mwenyekiti, ingawa hakuna aliyewahi kumpigia kura. Ameoa mara tatu na kuachwa mara tatu, kwa hiyo kwenye mambo ya ndoa neno lake ndilo la mwisho pale. Pembeni yake hukaa Randa, seremala, mtu wa kununa, ambaye ukimwagiza kitanda cha harusi unaweza kukipokea una watoto.

Mtu mmoja tu hakucheka. Gesi. Huyu ni fundi friji, na jina hilo alilipata kwa sababu friji lolote likipelekwa kwake, hata lililokatika waya, jibu lake ni moja: "Imeisha gesi." Siku hiyo alikuwa amekalia tako moja, mkono mfukoni, ameshika kijisanduku alichoazimwa na sonara asubuhi. Ndani mlikuwa na pete nne za mfano. Alitakiwa achague moja na kukirudisha kijisanduku jioni hiyo hiyo, kwani harusi yake ilikuwa Jumamosi.

Na sharti alikuwa amepewa. Mchumba wake, dada wa cherehani mwenye duka ng'ambo ya barabara, alimwambia bila kupepesa macho: "Shati la posa ulichaguliwa kijiweni. Rangi ya duka lako ilichaguliwa kijiweni. Hata siku ya kuja kwetu walikupangia wao. Nimenyamaza. Hii pete chagua mwenyewe, kwa akili yako. Nikijua imepita kwenye lile benchi, sikuvishi." Na yule dada hana maneno ya kutishia watu. Akikwambia gauni ni Alhamisi, ni Alhamisi.

Cha kusikitisha ni kwamba Gesi alikuwa ameshachagua. Kule kwa sonara aliijaribu ile yenye mpingo, pete ya fedha iliyozungukwa katikati na mstari mweusi wa mti, akaipenda mpaka akacheka peke yake. Angesema "hii hii", akaenda zake. Lakini mtu aliyezoea kuuliza wenzake hata kama ana njaa, atalitoa wapi neno hilo? Akasema ngoja akafikirie. Miguu ikamleta kijiweni. Alitupa jicho ng'ambo, akaona duka la cherehani limefungwa, mwenyewe kaenda kuwapelekea wateja nguo zao, moyo ukatulia.

"Hivi," akaanza, akijikuna shingo, "kuna mteja wangu mmoja..."

"Anaoa Jumamosi," akasema Mwenyekiti. Alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la povu. Ndani mtu halisi, mteja wa kweli, alikuwa kitini na ndevu za upande mmoja.

"Umejuaje?"

"Endelea, bwana. Mteja wako anasumbuliwa na nini?"

"Pete. Si zile za wazi wazi. Hizi zinachongwa mfereji katikati, halafu kwenye mfereji panapachikwa kitu. Mbao, pembe, ganda la chaza, hicho kimondo pia. Sasa hajui achague ipi. Kaniazima mimi nimwangalizie." Akatoa kijisanduku.

Kikaporwa kabla hakijafunguka vizuri.

"Mbao?" Randa aliichukua pete ya mpingo kwa ncha za vidole, akaitazama kama inzi kwenye supu. "Nani kawadanganya? Mimi na mbao tumeonana miaka yote, hakuna siri. Huu ni utepe wa mpingo mwembamba kuliko ukucha. Leo sabuni, kesho jasho, keshokutwa umepasuka. Huyo mteja wako ananawa mikono?"

"Ananawa," akasema Gesi kwa unyonge.

"Basi aache kunawa au aache kuoa."

Wakacheka. Gesi naye akacheka. Mpingo wake ulikuwa umekwisha kuchekwa, na yeye ndiye aliyeuleta mahali pa kuchekwa.

"Na hii?" Mifupa aliinyanyua ya pembe. "Pembe ya paa! Wallahi watu wana kazi. Mimi pembe natupa nyuma ya bucha, mbwa wanakuja, wananusa, wanaziacha. Kitu kimekataliwa na mbwa, kinakwenda kuvishwa bwana harusi mbele ya wakwe!"

"Lakini ya chaza inang'aa," akajaribu Gesi.

"Chaza?" Mwenyekiti akaweka bakuli chini. "Marehemu baba yangu alikuwa na wembe wa mpini wa chaza. Unang'aa, ndiyo, mpaka siku moja unabanduka kipande kimoja, kesho kingine. Alikufa ameshika mpini una mapengo. Hayo ni mambo ya kuweka kwenye kioo cha mwanamke, si kidole cha dume."

"Kwa hiyo kimondo!" Gesi akamgeukia Redio akiwa na matumaini. "Wewe si ndiye umetusomea?"

"Kusoma nimesoma, kununua sijasema," Redio akajibu. "Kimondo ni chuma, bwana. Chuma ni kutu tu. Mimi kila siku nafungua simu zilizoingia maji, najua kutu. Mteja wako atavaa kutu iliyotoka mbali."

Zikawa zimeisha zote nne. Kila mmoja ameiponda ile anayoijua.

"Sasa nimwambieje?" akauliza Gesi.

"Mwambie avae ya wazi kama wazee wake," akasema Randa.

"Ya wazi ni ya watu wasio na mawazo," akasema Redio.

"Asivae kabisa," akasema Mifupa. "Pete ni kamba ya mbuzi."

"Wewe na hao mbuzi wako nyamaza," akasema Mwenyekiti. "Ngoja kwanza. Kitu hukihukumu mkononi mwa sonara, unakihukumu kidoleni. Lete huo mpingo."

Akauvaa. Akanyoosha mkono mbele, akaurudisha, akaupeleka kwenye jua. Akazunguka kidogo ili aone unavyoonekana akiwa ameshika wembe.

"Mm," akasema. "Kumbe ukivaliwa na mtu mwenye mkono wake, si mbaya."

"Hebu nione hicho kimondo," Randa akasema, uso umekunjamana vilevile. Akakivaa, akapuliza vumbi la mbao kwenye kidole, akaanza kukitazama kwa pembeni, kichwa kimelala begani. Mifupa akafuta mkono kwenye aproni na kujichomeka ile ya chaza, akailazimisha kupita kwenye fundo la kidole mpaka ikaingia. Redio akavaa ya pembe, akaipiga picha kwa simu ya mteja.

"Angalieni mistari hii, jamani," akasema Randa. "Kama ramani."

"Yako ya kizee. Hii yangu ikigeuka inatoa kijani," akasema Mifupa.

"Mkono wako ule? Ni sawa na kuvisha mguu wa ng'ombe!" Randa akajibu.

"Mngejua kuvaa pete mngekuwa na wake," akasema Mwenyekiti, aliyekuwa hana hata mmoja.

Wale waliokuwa wakitema mate dakika chache nyuma walikuwa sasa wamekaa kwa mstari, mikono mbele, vidole vimetanuliwa, wananyang'anyana jua. Kule ndani mtu wa ndevu nusu alikohoa, hakuna aliyemsikia. Gesi aliwatazama. Pete ni zake, harusi ni yake, na hakuna aliyemuuliza anapenda ipi. Alitaka kusema, "Mwenyekiti, vua, hiyo ndiyo yangu." Akafungua mdomo.

"Hodi hapa."

Dada wa cherehani alikuwa amesimama chini ya ngazi, mfuko mtupu wa nguo mkononi, futi la kupimia bado linaning'inia shingoni.

"Shikamoo, Mwenyekiti," akasema.

"Marahaba, binti," Mwenyekiti akajibu, akaokota bakuli haraka na kuficha mkono nyuma yake.

"Shemeji! Karibu, shemeji!" wengine wakaitikia kwa pamoja, na kwa bahati mbaya waliitikia kwa kupunga mikono.

Akawatazama mmoja mmoja. Kimondo. Chaza. Pembe. Akasogea kidogo, akachungulia nyuma ya bakuli. Mpingo. Halafu akautazama mkono wa Gesi uliokuwa gotini, hauna kitu.

"Mbona mnaniita shemeji?" akauliza kwa upole kabisa. "Mimi hapa naona mabwana harusi wanne. Asiye na pete ndiye mchumba wangu."

Redio akacheka peke yake, akaacha.

"Si hivyo, mpenzi," Gesi akainuka. "Ni mteja..."

"Usinipe habari za mteja. Sikiliza. Nimeudhika, lakini sijaondoka. Niambie tu wewe unaipenda ipi. Sasa hivi, kwa mdomo wako. Ukisema hata ya pembe, nitakuvisha ya pembe."

Alikuwa anasema kweli, na Gesi alijua anasema kweli. Neno lilikuwa limefika kwenye ulimi: mpingo. Neno dogo tu. Lakini kabla halijatoka, shingo ikawahi. Iligeuka yenyewe, ikamtazama Mwenyekiti kuona uso wake unasemaje.

Mwenyekiti akautupia jicho mpingo kidoleni mwake, akatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayesema, hapana, hii haikufai.

Yule dada akaona yote mawili.

Hakufoka. Alipanda ngazi, akatandaza kiganja mbele ya kila mmoja, na wao wakavua kama wanafunzi waliokamatwa na peremende. Ya Mifupa ikakataa kutoka. Ikabidi Mwenyekiti ampake povu la kunyolea, Randa ashike kiwiko, Redio avute, na yule dada akasimama pale akisubiri, mpaka chaza ikachomoka na Mifupa akapiga ukelele. Akaifuta kwa upindo wa kanga, akazipanga zote kwenye kijisanduku na kukifunga.

"Nitamrudishia sonara," akasema. "Na Jumamosi duka langu litakuwa wazi. Mwenye nguo ya kushona alete."

Akashuka. Akatembea mwendo wake wa kawaida, hakugeuka nyuma.

Benchi zima likainuka kumtazama.

"Mfuate!" Redio akaruka. "Unangoja nini?"

"Asithubutu," akasema Mifupa, akinyonya kidole. "Mwanamke ukimkimbilia barabarani, utamkimbilia mpaka uzeeni."

"Amwache apoe mpaka jioni," akasema Randa. "Gundi haishikwi ikiwa mbichi."

"Mimi wa kwanza nilimfuata, akaniacha," akasema Mwenyekiti. "Wa pili sikumfuata, akaniacha. Hili jambo linataka tulijadili."

Gesi alikuwa amesimama mguu mmoja kibarazani, mwingine kwenye ngazi ya kwanza. Machozi yalikuwa yanamlenga. Kule mbele futi lilikuwa linapepea begani kwa yule dada, naye amekaribia mwisho wa barabara.

"Basi jadilini haraka, jamani," akawaomba, "kabla hajakata kona."