Glavu za Mkaguzi

Jumatatu, 7 Aprili

Likizo imeanza vizuri! Shangazi amenikabidhi wafanyakazi wake. Alhamisi mkaguzi anakuja karakanani kuona kama wanajua kushika dawa kali za kutengenezea sabuni. Wakishindwa, hakuna kibali. Bila kibali, hospitali haitanunua sabuni yetu hata ndoo moja. Shangazi akasema kwa kuwa mimi ni wa kwanza darasani katika kemia, niwafundishe. Nilijaribu kuonyesha unyenyekevu. Sikufanikiwa.

Wanafunzi wangu ni wawili. Mjomba Povu, mchanganyaji, mwenye kucha za njano na maneno mengi. Dada Kifuniko, mjaza chupa, anayefanya kazi akitafuna karanga. Karanga! Kando ya pipa la kostiki, ule unga mweupe unaounguza ngozi! Nikamweleza hatari yake kwa kirefu. Akanikaribisha karanga.

Jumanne, 8 Aprili

Vifaa vimefika. Glavu ndefu za mpira, miwani ya kukinga macho, aproni. Vinang'aa! Mjomba Povu alikuwa ameshaanza kuchana nailoni nilipomdaka. Nikamwambia kwa upole kwamba vitu vipya ni vya mgeni. Kwetu hakuna anayenywea chai vikombe vya kabatini. Akauliza kama mgeni ndiye atakayekoroga sabuni. Watu wengine hawafundishiki. Nimevifungia vyote kabatini, ufunguo nimeuvaa shingoni.

Somo limekwenda vizuri. Maswali matano, majibu matano, wanaimba pamoja kwa mpangilio. La kwanza: kostiki hutiwa kwenye maji, maji hayatiwi kwenye kostiki. Dada Kifuniko akauliza kwa nini. Nikamjibu kwamba "kwa nini" haimo kwenye mtihani.

Jumatano, 9 Aprili

Utovu wa nidhamu! Tulikuwa kwenye swali la nne, la kufanya nini dawa ikikurukia. Mjomba Povu, aliyekuwa akikoroga huku akisikiliza, akatoka mbio bila hata kunyoosha mkono. Eti imemrukia. Akakaa bombani akijimwagia maji muda mrefu, akinitazama kwa jicho baya. Hilo ndilo jibu la nne, nakiri. Lakini alilifanya kabla sijamaliza kuuliza. Nimempunguzia alama.

Kiwiko chake kimekuwa chekundu kama nyanya. Dada Kifuniko akaja juu: we mtoto, fungua kabati, mwenzio anaungua! Nikamsihi avumilie, mgeni ni kesho tu. Akasema nina kichwa kigumu kama kisiki. Wivu huo.

Alhamisi, 10 Aprili

Mkaguzi ni mama mfupi mwenye viatu vya vumbi. Akaanza na swali la tatu. Nani huanza na la tatu? Alitaka kujua chupa isiyo na lebo hufanywaje. Wanafunzi wangu wakaimba kwa nguvu kwamba kostiki hutiwa kwenye maji. Akauliza dawa ikiingia jichoni je? Wakaimba jibu la pili, kwamba chakula ni marufuku karibu na pipa. Dada Kifuniko aliliimba na karanga shavuni.

Nikakimbilia kabati. Nikalifungua kwa mbwembwe. Mkaguzi akazigeuzageuza glavu ndani ya nailoni, akakitazama kiwiko cha Mjomba Povu, kisha akauliza huvaliwa lini. Nikajibu kwa fahari: ukija wewe!

Shangazi akakalia ndoo.

Kibali hakuna. Karakana imefungwa mpaka wafanyakazi wafundishwe upya na mkufunzi wa kweli. Wa kweli! Mjomba Povu akatoka akinishukuru: asante, profesa, na sisi umetupa likizo.

Ijumaa, 11 Aprili

Shangazi hanisemeshi. Asubuhi tu alisema, mwanangu, Jumatatu nawe utakaa kwenye benchi na wenzako, glavu mikononi, mdomo umefungwa. Hospitali imekubali kungoja mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo itanunua kwingine, na Mjomba Povu na Dada Kifuniko watarudi makwao. Nimeusikia uzito wa jambo hilo. Ndiyo maana siwezi kuwaachia mtu nisiyemjua.

Nimemchunguza huyo mkufunzi. Anatoka kiwanda cha rangi. Inasemekana huwavalisha watu glavu siku ya kwanza, zikachakaa hapohapo, na huuliza maswali ovyo, bila namba! Masikini. Hakupata mwalimu mzuri.

Nitawahi benchi la mbele nimsahihishe kwa sauti ya chini, nisimwaibishe. Naamini kabla ya chai ya saa nne atakuwa ameniachia chaki mwenyewe.