Malalamiko Kuhusu Shingo ya Endah Larasmaya

Rembang, Jumatano, baada ya mzunguko wa asubuhi

Kwako Pak Mhariri, uliyetuchapishia kitabu cha maisha ya mwimbaji wetu Endah Larasmaya,

Salamu nyingi, na pole na kazi. Mimi ni Wasirah, muuza jamu, ile dawa yetu ya mizizi ya kunywa. Kila alfajiri nafunga chupa zangu za manjano na tangawizi mgongoni, napita uchochoroni nikiita, na watu wanatoka na bilauri zao. Wananijua kwa sauti kabla hawajaniona. Nakuandikia kwa heshima zote kukuomba uondoe sura ya tisa kitabuni. Sina neno na zile nyingine. Ni hiyo ya tisa tu, ya ugonjwa.

Usidhani nina chuki na Endah. Alipoimba muziki wetu wa dangdut kwenye harusi ya mdogo wangu, kabla hajawa mtu, nilicheza mpaka ndala ikakatika. Sura za mwanzo nimezipenda mno: baba dereva wa lori, viatu vya dhahabu, nyumba ya ghorofa aliyomjengea mama yake. Nililia kwa furaha. Hapo ndipo mngeishia, Pak. Mtu kafanikiwa, kitabu kinafungwa, tunakwenda kulala. Ninyi mkatuletea shingo.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Endah anasema alipoona uvimbe shingoni alidhani ni upepo umemwingia mwilini, akawa anapakwa mafuta na kukwaruzwa kwa sarafu, kerok kama tufanyavyo sote, mpaka daktari akamgombeza kwa kuchelewa. Sasa, mkwaruzaji wa uchochoro huu ni mimi. Migongo yote hapa imepita mikononi mwangu. Siku hizi mtu akija na mafua yake ya kawaida, kabla hajavua shati ananitazama kwa jicho la shaka: "Bu Wasirah, huu ni upepo kweli, au ni sura ya tisa?" Sura ya tisa! Limekuwa jina la ugonjwa.

2. Wasomaji wenu hawana adabu. Jirani yangu Bu Darsih, ambaye tangu aache shule hajafungua kitabu, hiki kakimaliza haraka na sasa anashika watu shingo. Kamshika mwenyekiti wa mtaa katikati ya kikao. "Meza mate, Pak, nione kama kitu kinapanda." Mwenyekiti akameza. Nasi wote tukameza. Kikao cha mitaro kikafia hapo hapo.

3. Hili ni la nyumbani kwangu. Ninako kauvimbe shingoni, upande wa kushoto. Kadogo, hakaumi, hakajamkosea mtu. Nilikaa nako kwa amani tangu kabla ya Ramadhani, nikikakwaruza mwenyewe kwa sarafu kila nikitoka kuoga. Hakakupungua, lakini angalau hakakuwa na jina. Ndipo binti yangu Retno akasoma kitabu chenu. Asubuhi hospitali, mchana hospitali, usiku hospitali. Nikamwambia, "We mtoto, mimi nakunywa jamu tangu hujazaliwa." Akanijibu, "Na huo uvimbe nao unakunywa, Mama, ndiyo maana unanenepa." Hayo ni maneno ya kumwambia mzazi? Nani kamfundisha kama si ninyi?

4. Mume wangu, Pak Kasdi, anakisoma kwa sauti sebuleni, akijifanya hajui kama nasikia. Anarudia pale Endah anapopasuliwa na kupona. Anaruka pale panaposema baada ya upasuaji sauti ilipotea miezi mingi, akawa anamwita mama yake kwa kugonga kikombe na kijiko. Mimi sikuparuka. Nilipasoma jikoni peke yangu, tangawizi ikaungua. Endah akikosa sauti, rekodi zake zinamwimbia. Mimi nitapitaje uchochoroni nikigonga kikombe? Wanaogonga ni wauza tambi! Watu watatoka na mabakuli.

5. Basi nimekaa nikafikiri, nikaona jambo ambalo madaktari wamelikosa. Endah aliugua baada ya kufanikiwa. Kitabu chenyewe kinasema, viatu vya dhahabu kwanza, shingo baadaye. Mimi nina ndala, tena moja imeshonwa. Kwa hiyo kauvimbe kangu hakawezi kuwa kama kake. Naomba mchapishe tangazo lenye muhuri, liseme ugonjwa huu haumpati mtu ambaye hajawahi kuonekana kwenye televisheni. Nitalibandika mlangoni kwa Retno. Kama tangazo ni gumu, Endah akiri kwamba alitunga, tutamsamehe, watu maarufu hutunga mengi. Na kama hilo nalo haliwezekani, kichapeni upya akiwa anaumwa mguu. Mguu hauna haja ya sauti.

Nijibu kabla ya Jumatatu, Pak, maana Retno keshachukua nambari ya foleni hospitali.

Msalimie mkeo, wapiga chapa, na aliyepiga picha ya jalada, Endah katoka vizuri. Pak Kasdi anakusalimu, ingawa hajui kama naandika. Bu Darsih anauliza shingo yako inaendeleaje.

Ni mimi niliyeudhika, ila dangdut bado naipenda,
Wasirah, muuza jamu

Nyongeza: Barua hii nilikuwa bado sijaiposti. Leo ni Jumatatu, naimalizia kwenye benchi la hospitali, Retno kaenda kutafuta uji. Sura ya tisa iacheni. Nimeichana kwenye kitabu cha Retno, ninayo hapa mkobani, kwa sababu katika watu wote wanaonisemesha siku hizi, ni Endah peke yake aliyesema kwamba aliogopa. Ila muulize jambo moja, Pak, kitabuni halimo: siku aliyojaribu tena kuimba, sauti ilitoka vipi?

Alfajiri ya leo nilipita uchochoro mzima nikiita, bila chupa hata moja. Watu wakatoka na bilauri zao, wakaona mgongo mtupu. Bu Darsih tu ndiye aliyesema, "Ita tena, Bu." Nikaita.