Habari za Restuta Aliyezuia Ulimi na Mzee Aliyekataa Kushoto

Nyamazeni, enyi madereva mliozima injini kwenye foleni ya forodha, siku ya tatu sasa! Wekeni chini mizani zenu, enyi wauza mchele na wauza karanga! Nanyi ndugu zetu wa Nakonde, tegeni sikio hukohuko mliko, maana habari haigongewi muhuri mpakani. Nawasimulia vita visivyomwaga damu hata tone, vilivyopiganwa Alhamisi moja kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na moja kasoro, katika chumba cha ghorofani juu ya duka la matairi, mjini Tunduma. Nawasimulia habari za Restuta binti Hezron, Mwenye Ulimi wa Panga, Simba Jike wa Kioo Kirefu, na jinsi alivyomfanya mzee mmoja mkulima wa kahawa ageuke kushoto. Mnaotaka kucheka, chekeni sasa mmalize.

Restuta huyu alikuwa na studio ya dansi, na mali ya studio ile ilikuwa kioo cha ukuta mzima, spika mbili, na mwalimu msaidizi mmoja aitwaye Nesta. Watu wa sendofu, wa kicheni pati, wa kipaimara na wa mahafali, wote walizipanda ngazi zile ili wafundishwe kuingia ukumbini bila kuaibisha ukoo, kwa kuwa siku hizi katika nchi yetu si keki, si zawadi, si mzazi, hakuna kinachoingia ukumbini kwa kutembea tu. Naye Restuta aliwafundisha. Lakini aliwafundisha kwa kufoka, na kufoka kwake kulikuwa kipaji cha kuzaliwa nacho. Alipata kumwambia bwana harusi mmoja mbele ya wakwe, "Wewe unacheza au umekanyaga siafu?" Alipata kumuuliza mwenyekiti wa kamati kiuno chake kilikazwa na fundi gani. Wanafunzi kumi na mmoja walishuka ngazi ndani ya mwezi mmoja wasirudi, na wa kumi na mbili, binti wa kipaimara mwenye miaka kumi na mitatu, alishuka akilia kwa kwikwi.

Hapo ndipo Nesta, Mwenye Magoti ya Mpira, mpole ambaye hata nzi alimfukuza kwa kumwomba, aliposimama mbele ya mwajiri wake na kutoa tamko.

"Dada Restuta," akasema, "miaka sita nimekula chumvi yako na sina neno. Lakini yule mtoto nimemkimbilia mpaka stendi kumbembeleza, akagoma kurudi. Kule ng'ambo, Nakonde, kuna studio, mwenyewe ananiambia kila siku, 'Njoo, mukwai, tafadhali, huku hatufokeani.' Ukifoka tena, dada, mara moja tu, Jumatatu mimi navuka."

Bila Nesta studio ile ingekuwa chumba chenye kioo, na hilo Restuta alilijua. Lakini kilichomuuma hakikuwa chumba wala kioo. Alimpenda binti huyo Nesta kama mdogo wake wa tumbo moja, na katika miaka yote sita hakuwahi kumwambia, kwa kuwa ulimi wake ulikuwa umezoea kazi nyingine.

Basi akafunga safari hadi Vwawa, kwenye semina ya siku mbili ya saikolojia chanya, iliyoongozwa na mama mmoja aitwaye Fides ambaye alitabasamu hata alipokuwa akitafuna. Huko Restuta akafunuliwa siri za wakubwa. Mtu hastawi kwa kuonyeshwa kasoro zake, bali kwa kuonyeshwa nguvu zake. Kabla hujamrekebisha, msifu. Mgeni mpe kiti cha mbele ajione ana thamani. Na kila jioni andika mema matatu ya siku ile, hata kama siku yenyewe haikuwa nayo. Aliyaandika yote, akarudi Tunduma na cheti, akakitundika ukutani, na kile kioo akakibandika vikaratasi vya rangi vyenye maneno WEWE NI HODARI, vingi kiasi kwamba mtu akijitazama aliona herufi tupu na kipande cha sikio. Kisha akaapa mbele ya spika zote mbili kwamba hatafoka tena.

Jaribu halikuchelewa. Alhamisi hiyo ngazi zikatetemeka, na akapanda Mzee Andongwisye, Bwana wa Mibuni, mtu wa Ruanda huko Mbozi, amevaa koti zito na kofia ya pama, na nyuma yake binti yake Atuganile aliyekuwa anaagwa Jumamosi, na nyuma ya binti, mkewe na ndugu wengine saba. Mwisho kabisa, akisaidiwa kila ngazi, alikuja Bibi Ketrina, mama yake mkewe, aliyefika siku moja kabla kutoka Ivuna. Restuta alipomwona akakumbuka semina. Akachukua kiti cha plastiki kisicho na ufa, akakiwekea mto, akakisimika upande wa kushoto, mbele kabisa, mahali ambapo hakuna hatua ya mchezo ambayo ingempita bibi yule bila kuiona.

Mpango wa vita ulikuwa mwepesi. Baba na binti wanatangulia wameshikana mikono, wanapiga hatua nne mbele, wanatikisa viuno mara mbili, kisha baba anaongoza msafara wote kugeuka kushoto, na huko wanatikisa tena mara mbili. Kushoto, katika ukumbi wa Jumamosi, ndiko kulikokuwa na jukwaa la binti. Kulia kulikuwa na mlango wa wapishi. Yaani mzee akigeuka kulia, anamwaga binti yake masufuriani, na wakwe watarajiwa wanashuhudia.

Nesta akawasha muziki. Mzee akapiga hatua nne zilizonyooka, akatikisa kiuno kwa uzito wa mtu anayekagua ghala, akageuka kulia.

Ulimi wa Restuta ukaruka kutoka alani. Akauwahi kwa meno. Akavuta pumzi kama alivyofundishwa, akamtazama Nesta, akamtazama mzee, akatamka, "Baba, umegeuka kwa kujiamini sana! Hongera! Sasa tujaribu na kushoto."

Mzee akainua kofia kidogo kushukuru. Muziki ukapigwa tena, na mzee akageuka kulia kwa kujiamini maradufu.

"Baba, bega limekaa vizuri ajabu!" akasema Restuta, na jasho likamtoka ingawa Tunduma hiyo ilikuwa na upepo wa kuvaa sweta. "Tukilipeleka bega hilohilo kushoto, itapendeza zaidi."

Mara ya tatu akageuka kulia. Mara ya nne kulia. Mara ya tano, wale ndugu saba, waliokuwa wakigeuka kushoto kama walivyoelekezwa, wakaanza kutazamana. Kwani ni nani aliyekuwa akisifiwa humu ndani, wao au mzee? Mara ya sita shangazi mmoja akahamia kulia. Mara ya nane ukoo mzima ukageuka kulia kwa pamoja, kwa mpangilio mzuri ambao studio ile haikuwahi kuuona tangu ifunguliwe, wakamzoa Atuganile na kumbana ukutani.

"Mmeshikamana!" akalia Restuta, na sauti yake ilipasuka katikati. "Mmeshikamana kama familia!"

Mara ya kumi akaomba ruhusa ya kunywa maji. Akatoka hadi kwenye baraza, akalitazama lori lililoegeshwa chini, na kwa sauti ya chini akalifokea maneno ishirini na mawili ambayo mwandishi wa habari hizi ameyasikia na hatayaandika. Lori halikumjibu. Akarudi ndani akitabasamu kwa tabasamu la Mama Fides, ila lake lilikuwa linauma mashavu. Kila neno alilolimeza lilishuka tumboni na kukaa, na kila alipoona neno jingine likipanda, aliiona Jumatatu, na Nesta akivuka na begi mgongoni.

Ikafika mara ya kumi na nne. Hatua nne, viuno viwili, kimya kidogo katika wimbo, na Mzee Andongwisye, kwa madaha ya mtu aliyekwisha kuiva, akageuka kulia.

"KUSHOTO, baba!"

Vikaratasi viwili vilidondoka kutoka kwenye kioo.

"Kushoto! Mkono usiolia ugali! Ng'ombe wako wa plau anakijua kushoto, wewe unashindwaje?"

Watu wote wakamgeukia Restuta. Mdomo wa Restuta ulikuwa umefungwa. Aliyesema ni Nesta, Nesta mpole, aliyesimama kando ya spika na mishipa ya shingo imemtoka. Na alipoisikia sauti yake mwenyewe ikirudi kutoka ukutani, akaziba mdomo kwa mikono miwili, macho yamemjaa machozi.

Tazameni sasa, enyi mnaopima ushujaa kwa mikuki! Adui amesimama wazi, kofia mkononi. Ngome imekwisha kuvunjwa na mtu mwingine. Nani angemlaumu Restuta kama angeingia naye na yale maneno kumi na manne, moja kwa kila mgeuko, aliyoyaweka akiba? Hakuingia. Alikwenda mbele ya mzee, akapiga goti kama binti anayempa maji mzazi wake, akasema kwa upole ambao haukutoka semina yoyote, "Baba, utusamehe. Toka saa tisa nakusifu tu, sijakuuliza hata swali moja. Huko kulia kuna kizuri gani?"

Mzee Andongwisye akakohoa. Akaigeuzageuza kofia yake, kisha akatoa hotuba.

"Mwalimu, kulia hakuna kitu. Kuna ukuta. Kushoto ni wapi mimi nafahamu, nimeongoza kwaya kanisani miaka tisa. Lakini huko kushoto umemkalisha mama mkwe. Tangu nimemuoa binti yake, mwaka wa ishirini na saba huu, sijala naye sahani moja, sijapishana naye mlangoni. Leo unaniambia nimgeukie, nimtikisie kiuno, tena mara mbili. Nikajisemea, huyu mwalimu ni msomi, labda anapima adabu yangu. Nikageukia ukutani, ukanisifu. Nikajua nimefaulu."

Chumba kizima kikatazama kushoto. Na hapo, juu ya kile kiti cha heshima, alikuwepo Bibi Ketrina, kitenge amejitanda mpaka puani, uso ameupeleka dirishani na shingo imesimama wima.

"Na mimi nani kawaambia nataka kuyaona hayo?" akasema bibi bila kugeuka. "Viuno vya mkwe wangu navipeleka wapi? Shingo imekakamaa toka saa tisa. Nimekaa hapa kwa sababu mwenye nyumba kanikalisha, na mgeni hachagui kigoda. Mimi nilitaka kukaa pale nje, nione malori. Ivuna hatuna malori ya namna hii."

Restuta akaona aibu, aibu ya kweli, ya masikio kuwaka moto. Alikuwa amemeza matusi kumi na manne ya kumtukana mzee kwa kosa la kiti alichokiweka yeye kwa mikono yake miwili, na mto juu yake. Kama angefoka mara ya kwanza tu, kama ilivyokuwa desturi yake, mzee angeshuka ngazi na heshima yake na asingesema kitu, na watu wa Ruanda wangesimulia mpaka leo kwamba Tunduma kuna mwalimu asiye na wazazi.

Basi akainuka. Akamwinua bibi kwa mkono wa kulia, akakibeba kiti kwa mkono wa kushoto, mto ameubana kwapani. Akaanza safari. Akaipita spika ya kwanza. Akauruka waya wa spika ya pili, waya uliokwisha kuwaangusha wanaume wawili na mshenga. Mlango ulikuwa mwembamba na kiti kikakwama mguu, akakipindua, kikapita. Hatua kumi na moja kwa jumla, naapa, hatua kumi na moja, hadi kwenye baraza, na huko akakitua kiti kikielekea barabara kuu ya kwenda Zambia. Bibi Ketrina akakaa, akateremsha kitenge, akalitazama lori la kwanza.

"Hili lina magurudumu mangapi?" akauliza. Hakuna aliyejua, akaanza kuhesabu mwenyewe.

Ndani, muziki ukapigwa mara ya kumi na tano. Hatua nne. Viuno viwili. Na Mzee Andongwisye akageuka kushoto. Aligeuka kwa bega, kwa goti na kwa kofia, akatikisa kiuno alichokuwa amekinyima dunia kwa miaka ishirini na saba, na kilikuwa kiuno kizuri kupita cha mtu yeyote pale. Ukoo ukamfuata, shangazi akapiga vigelegele, Atuganile akacheka mpaka akashindwa kuhesabu hatua.

Walipokwisha kuondoka, Nesta akabaki anakunja waya. "Dada, nimepayuka," akasema. "Mimi niliyekuwekea masharti. Sina hata uso wa kukaa hapa."

"Mema matatu, mdogo wangu," akasema Restuta. "Sauti yako inafika mbali. Yule ng'ombe umemsema kwa haki. Na aliyefoka siyo mimi." Nesta hakucheka, na Restuta akaona utani hautoshi. "Usivuke, Nesta. Nakupenda. Nilipaswa kukwambia siku nyingi."

Nesta akachukua begi lake, akashuka ngazi bila kusema ndiyo wala hapana.

Jumamosi sendofu ikafana. Mzee aligeuka kushoto mbele ya watu mia mbili, na Bibi Ketrina, aliyewekwa kwa makubaliano kando ya mlango wa wapishi, alikuwa wa kwanza kupata pilau. Jumapili Restuta hakula vizuri. Jumatatu alifungua studio mapema, akafagia mahali palipokuwa pamefagiliwa, akakaa juu ya ngazi. Saa tatu, muda wa kazi, ikafika na kupita.

Andikeni basi, enyi watunza tarehe, kwa wino usiofutika, mchonge kwenye mawe, mtangaze kwa honi za malori kutoka Tunduma hadi Vwawa: saa tatu na dakika arobaini Nesta alipanda ngazi zile, amechelewa kwa dakika arobaini kamili, na Restuta binti Hezron, Mwenye Ulimi wa Panga, akasema, "Karibu."