Theluji ya Karatasi

Jumanne, 3 Februari 2015
Nimepata silaha. Picha ya Kijapani, imechapwa kwa ubao wa kuchonga, kutoka duka la mitumba hapa North Buffalo. Kijiji kimefunikwa na theluji, daraja, mtu mmoja na mwavuli, ametupa mgongo. Nimeitundika mahali pa kalenda ya kanisa. Emérence, ninayemposa, yuko Louisville na anasema hawezi kuolewa ndani ya friji, yaani huku kwetu. Na Cosmas wa Columbus, anayemtaka pia, anamtumia picha za gari lenye viti vya joto! Nimemtumia picha yangu kwa simu. Nikasema theluji yetu ndiyo hiyo.

Kisha nikakaa niitazame kidogo tu. Chai ikapoa.

Ijumaa, 6 Februari
Amejibu. Anasema akiitazama wakati wa mapumziko ghalani anakofanya kazi, kelele za mashine zinakwenda mbali. Akauliza yule mtu anakwenda wapi. Nikajibu papo hapo kwamba ni mimi, nakuja kwake. Akasema mbona anaonekana anaondoka. Nikamwandikia maelezo marefu sana.

Nilipofumba macho nilikuwa darajani. Theluji inashuka polepole, na mimi sina haraka wala msimamizi.

Jumatano, 11 Februari
Anakuja Jumamosi! Na tante, yaani shangazi yake, Mama Nsimire, ambaye ndiye wa kusema ndiyo au hapana. Mpango: kuwapokea kituo cha basi kama yule wa pichani. Nimenunua mwavuli, nimefanya mazoezi barabarani. Upepo umeupindua ukawa bakuli. Jirani yangu Jolie, akifukua gari lake, akasema bon, huku hakuna anayebeba mwavuli kwenye theluji, labda akili yangu imeganda. Wivu huo. Mwavuli nimeufunga kwa waya.

Jumamosi, 14 Februari
Mwavuli umeruka, umeingia chini ya basi. Masikio siyasikii kwa baridi. Nyumbani tante akakaa na koti lake, kama mtu anayeondoka sasa hivi. Nikasimama mbele ya picha, nikaanza kueleza uzuri wake. Emérence akaniomba ninyamaze.

Tukatazama. Dirishani nako theluji ilikuwa inaanguka, bila sauti. Nyumba ikatulia, sikujua tena ipi ni ya nje na ipi ya ukutani. Tante akavua koti. Nilitamani saa ile isiishe. Nampenda Emérence, naandika wazi.

Emérence akasogea karibu na picha. Akasema theluji hii haikupakwa rangi. Wamepaka anga, maji na paa. Nyeupe ni karatasi yenyewe, wameiacha tu. Akanigeukia, akasema na mimi niache karatasi kidogo, maana kila akianza kunifikiria meseji yangu inaingia, anasahau alikuwa anafikiria nini. Tante akamalizia: donc, basi, niwaache wafikiri, jibu litakuja lenyewe.

Jumatatu, 16 Februari
Wamerudi Louisville jana. Nimeelewa yote. Kunyamaza ndiyo mbinu! Cosmas na viti vyake hataiweza kamwe. Asubuhi nimemwandikia Emérence kumweleza jinsi ninavyonyamaza. Mchana nikamkumbusha, asije akadhani nimesahau. Jioni nimepiga picha ukuta wangu mweupe, mtupu kabisa, nikamtumia tante, naye auone utulivu wangu.

Hawajajibu. Nadhani bado wanautazama.