Nyumba ya Magurudumu Manne

Jumatatu, 2 Februari

Nimenunua nyumba! Ina magurudumu manne. Zamani ilikuwa gari la kusambazia mikate. Fundi Kamis wa Kawempe, hapa Kampala, ameweka kitanda, jiko la gesi, tangi la maji na mapazia mazito. Ieleweke kwamba Wazungu waliostaafu husafiri hivi: hulala ndani, hupika ndani, hawamsumbui mtu. Nami ni mstaafu. Nimefundisha jiografia miaka thelathini na minne, na kila mwaka nimeuchora Mlima Elgon ubaoni. Kuuona kwa macho, bado.

Mke wangu Rahmah nilimwahidi mlima huo wiki ya harusi yetu. Leo amesema goti lake mwaka huu bado linapanda. Mwaka ujao hajui. Anataka kuingia hifadhini, aone msitu na wanyama, kabla ya Ramadhani. Mimi nikishindwa, ataomba nafasi kwa jirani yetu Okullo, ambaye Jumamosi anakwenda huko huko na mkewe Aber.

Okullo! Dereva mstaafu wa polisi. Alichungulia juu ya ua akauliza, "Mwalimu, hilo ni gari au kabati?" Nikamjibu kwa sauti, mtaa mzima usikie, kwamba ni nyumba. Akarudi kuosha kigari chake. Nimemshinda.

Jumanne, 3 Februari

Tatizo ni jamaa. Ieleweke kwamba kwetu Wanubi, kupita mji wa ndugu bila kuingia kusalimu ni sawa na kutangaza ugomvi. Tuna ndugu Jinja. Tuna ndugu Iganga. Mbale yupo Sumayiya, dada yake Rahmah, na kwa Sumayiya hakuna salamu fupi. Ukikaribishwa chai, wali uko jikoni, na mikeka ya kulala imekwisha tandikwa. Tutafika mlimani Idi imepita!

Ufumbuzi: mapazia. Tutaondoka Alhamisi baada ya alfajiri, tuyafunge kila mjini, asijue mtu.

Rahmah akasema amekwisha kumpigia simu Sumayiya. Hawezi kusafiri kama mwizi.

Sikutetereka. Nikamweleza: anayesafiri ndani ya nyumba yake hajapita kwa mtu, yuko kwake. Aliye kwake hadaiwi salamu. Wengine ndio wanaopaswa kuja kumtembelea. Rahmah akapiga simu tena na kumweleza dada yake neno kwa neno. Nikamsikia Sumayiya akicheka. Amekubali hoja.

Alhamisi, 5 Februari

Safari! Gari linakwenda vizuri sana kwenye mteremko. Kasoro ndogo: nilisahau kulipaka rangi. Ubavuni bado kuna picha ya mkate mkubwa. Kuanzia Mukono wenye maduka walitupungia mikono. Nilidhani ni ukarimu.

Lugazi mwanamke mmoja akasimama katikati ya barabara. "Ssebo, bwana wee, wiki nzima mnatupita tu! Watoto wanywe chai na nini?" Nikashuka, nikamweleza historia ya gari tangu mwanzo. Dakika arobaini. Alisikiliza yote, kisha akauliza atapata mikate mingapi. Rahmah akampa yetu yote miwili, tukafunguliwa njia.

Jinja tulipita mapazia yamefungwa. Hata la mbele, kidogo, mpaka Rahmah alipopiga kelele. Hakuna aliyetuona! Iganga injini ikachemka. Tumepiga kambi kituo cha mafuta, nyumbani kwetu, bila kumsumbua ndugu yeyote.

Ijumaa, 6 Februari

Mbale. Mlima ule pale! Yaani, wingu lake.

Nilisimama kuongeza maji kwenye rejeta. Sumayiya alikuwa ananisubiri barabarani. Pamoja naye mashangazi watatu waliojifunga gurbaba, nguo zetu za Kinubi za sikukuu, na masufuria, jiko la mkaa na magodoro mawili. "Shemeji! Si umesema sisi ndio tuje? Tumekuja!" Wakapanda.

Ieleweke kwamba ugeni ni siku tatu, na mwenye nyumba hamuulizi mgeni ataondoka lini. Nikajaribu kuupanda mlima nao wakiwamo. Gari lilipanda kama mita mia mbili, likatafakari, likaanza kurudi kinyumenyume. Tumeishia uani kwa Sumayiya. Sasa wamo ndani ya nyumba yangu, hatua kumi kutoka mlango wa nyumba yao. Nilidokeza kwamba kule kwao kuna nafasi zaidi. Shangazi mkubwa akaacha kukuna nazi. "Unatufukuza, mwanangu?"

Nikasema hapana.

Jumamosi, 7 Februari

Okullo amefika na kigari chake, Rahmah amemwelekeza kwa simu. Wala si ndugu, ni Mwacholi, lakini aliingia, akamsalimu Sumayiya, akamsifia watoto, akanywa kikombe kimoja cha chai na kuaga. Dakika kumi! Akaniuliza kama nyumba yangu imeshapata anwani. Kisha akasema kiti cha nyuma kina nafasi mbili.

Rahmah alikuwa amekwisha vaa raba. Nami nikainuka. Shangazi mkubwa akauliza, kwa upole kabisa, mwenye nyumba anakwenda wapi na wageni wake wamo ndani. Nikamtazama Rahmah. Alikuwa anaingia garini. Yote nilikuwa nimeyasema mimi.

Nikakaa.

Kupitia dirisha la gari la Okullo nilimwelekeza Rahmah namna ya kuutazama mlima, nikianza na volkano ilivyotokea. Okullo aliondoka kabla haijalipuka.

Mnyama niliyemwona leo: mbuzi wa Sumayiya. Amekula pazia.

Jumapili, 8 Februari

Rahmah amerudi. Ana vumbi hadi kwenye nyusi, na goti halijatajwa. Ameona mbega wakiruka mti hadi mti, mikia yao myeupe kama nguo zilizoanikwa. Ameona pongo akinywa maji. Alisimama karibu na maporomoko akalowa, akacheka peke yake.

Nikamuuliza kama mlima uko nilivyouchora, kikombe kilichofudikizwa. Akasema hapana. Uko kama mtu aliyelala ubavu amejifunika blanketi, na hujui kichwa kiko wapi. Nikamweleza kwamba kuuona mlima vizuri kunahitaji maelezo.

"Mwalimu," akasema, "nimeuona vizuri." Kisha akasema alikuwa ameniachia upande wa dirisha. Kiti kilikwenda kitupu na kurudi kitupu.

Nikamkumbusha kwamba nilikuwa na wageni.

Jumanne, 10 Februari

Kampala. Nimeitathmini safari kwa utulivu. Mpango umefaulu: mke wangu ameuona mlima, kama nilivyoahidi. Kosa lilikuwa moja tu, tena la vipimo. Nyumba ilikuwa ndogo.

Kamis anajua basi la shule linalouzwa. Litatosha sebule, chumba cha wageni, na mapazia ya juu ambayo mbuzi hayafikii. Baada ya Idi tunakwenda Rwenzori, kwenye theluji! Ndugu wa njia hiyo nitawapigia simu mmoja mmoja, niwaeleze mapema kwamba sisi tutakuwa nyumbani.

Nimemtangazia Okullo juu ya ua. Amerudi tena kuosha kigari chake.

Rahmah hajapinga hata kidogo. Nimemsikia tu huko nje akimuuliza Aber ni viatu gani vinafaa kwenye theluji, na kama kile kiti cha nyuma bado kiko wazi. Amekwisha kubali.