Misuli ya Cherehani

Redio ya Mzee Taarifa ilikohoa, ikatulia, kisha mtangazaji akasema kesho utavuma upepo mkali, na wananchi wanaombwa kufunga au kuingiza ndani vitu vyote vyepesi. Macho yote ya kijiweni yaligeuka taratibu na kutua kwa fundi cherehani.

"Msinitazame hivyo," Uzi akasema, mguu ukiwa bado kwenye pedeli. "Nimesikia. Nitajifunga kwenye cherehani."

"Mtapaa wote wawili," Nondo akajibu. "Njoo nikufunge kwenye geti langu."

Kijiwe chenyewe kiko chini ya ngazi za jengo la ghorofa tatu. Pana benchi moja, cherehani ya Uzi, jiko la Mama Birika muuza chai, na ukuta ambao Nondo mchomelea mageti huegemeza vyuma vyake na mgongo wake mpana. Mzee Taarifa ni mstaafu. Kazi yake siku hizi ni kusikiliza habari na kuzitia chumvi. Uzi anakaa juu kabisa na mama yake. Jina lake halisi lilishasahaulika. Wateja huja na kuuliza, "Uzi yupo?" na mara nyingine huuliza akiwa amesimama mbele yao.

"Mimi mwenzenu nikitaka kuoga," Uzi akaendelea, "naziba kwanza tundu la maji. La sivyo mama ataniita mpaka koo limkauke."

Wakacheka. Uzi alikuwa ameshaijua sheria ya kijiwe: anayejicheka mapema huwapunguzia wenzake kazi.

"Lakini mgalla muue na haki mpe," Mama Birika akasema huku akimimina chai. "Kijana anajaa. Hamlioni shati linavyombana kifuani?"

Nondo akaruka kudaka sifa kabla hazijaanguka. "Kazi ya mkono wangu hiyo! Mlimwona siku ya kwanza? Nilichukua bomba la chuma, na makopo ya rangi nimeyajaza saruji, tayari. Akalala chali, akalinyanyua bomba, akatetemeka mwili mzima. Akaniambia, 'Nondo, punguza uzito kidogo.' Nikamwambia, 'Fundi, makopo bado sijayaweka.'"

"Tena hujasema yote," Uzi akamsaidia. "Bomba likanilalia. Nikaliomba radhi. Kesho yake mkono haupandi, akaja mteja nimpime mabega. Nikamwambia, ndugu yangu, chuchumaa, mabega yako yanifuate huku."

"Mwembamba kunyanyua vyuma bila kula ni kukamua jiwe," Mzee Taarifa akatoa taarifa. "Wamesema redioni."

"Mzee, nakula! Muulize Mama Birika."

"Mayai yangu anayameza kama chatu."

"Na nyumbani nafuta sahani yangu, halafu nafuta na ya mama, maana siku hizi anaacha nusu. 'Malizia, mwanangu, chakula hakitupwi.' Namalizia. Kinakokwenda sikujui. Nadhani humu ndani kuna mpangaji."

"Na huyo msichana unayemnenepea," Mzee Taarifa akauliza, "utatuletea lini tumwone?"

Uzi akacheka na kuinamia kitambaa. Aliwaacha waamini hivyo.

Ukweli ni kwamba hakukuwa na msichana. Mama yake alianguka bafuni akavunjika nyonga, na tangu hapo kila safari ya kliniki alishushwa na kupandishwa na kijiwe kizima, akiwa juu ya kiti cha plastiki, Mzee Taarifa mbele akipiga kelele: "Kona! Inueni nyuma! Angalieni ukuta!" Mama aliwashukuru na kuwatania. Siku moja, walipokwisha kuondoka, alisema huku akitazama dirishani, "Ngazi hizi nilikupandisha mgongoni, na ndoo ya maji kichwani. Leo nabebwa kama kabati." Hakuwa akimlaumu, na ndiyo maana iliuma. Uzi aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona maishani mwake, na kesho yake alikuwa amelala chini ya bomba la Nondo.

Basi mwili ukagoma. Alijipima kwa futi ile ile ya wateja, na futi haijui urafiki: mkono ulikuwa pale pale. Kijiwe nacho kilianza kudai matokeo. Ndipo alipolichukua shati lake moja akalipunguza ubavuni, kidole kimoja tu kila upande. "Oho! Kifua hicho!" Nondo akapiga ukelele asubuhi. Sifa zilimlewesha. Akapunguza la pili, akapunguza la tatu, akarudi kwenye la kwanza. Ikafika mahali yeye mwenyewe akiona shati limembana, anasahau ni nani aliyelishona, anasimama mbele ya kioo cha wateja na kujiamkia.

Teksi ilifika wakati birika la pili likichemka. Ndani yake alikuwa mama, karudi kutoka kliniki. Nondo akakunja mikono ya shati. Mzee Taarifa akashika kiti cha plastiki.

"Kaeni," Uzi akasema.

"Unasemaje?"

"Nasema kaeni. Leo nampandisha mwenyewe."

Mzee Taarifa alizitazama ngazi, akamtazama Uzi, akazitazama tena ngazi. "Mpaka juu? Fundi, yule ni mama, si kopo la rangi."

"Na binadamu sijakufundisha bado," Nondo akaongeza.

"Utamwangusha," Mama Birika akasema kwa sauti ya chini, na huo haukuwa utani.

Uzi alikuwa akiogopa jambo hilo hilo. Moyo ulimdunda mpaka akahisi shati linausikia. Hata hivyo aliinama kwenye mlango wa teksi. Mama alimkagua kutoka juu hadi chini, na ukaguzi wenyewe haukuchukua muda, maana hapakuwa na mengi ya kukagua.

"Wewe? Nyonga moja ndiyo kwanza imeunga. Usinitafutie ya pili."

"Nishike shingo, mama."

Akamshika. Uzi akakaza tumbo, akasukuma kwa miguu kama alivyofundishwa, akasimama naye. Hapo hapo kukasikika *krrr!* Mama akafumba macho. Kijiwe kizima kiliruka kikidhani ni mfupa.

Ulikuwa mshono. Ule mpya wa ubavu wa kushoto uliachia kutoka kwapani hadi kiunoni, kisha wa kulia ukafuata. Mishono ya zamani ilibaki imara, kwa kuwa ilishonwa kwa haki, na shati likarudi kwenye upana wake wa siku zote. Baunsa aliyeyuka mbele ya mashahidi. Akabaki Uzi, na nguo ikimning'inia kama ameazima kwa kaka yake.

"Mshono!" Nondo akapiga kelele, mikono kichwani. "Kumbe misuli ya cherehani! Na mimi nimeringa mtaa mzima, mwanafunzi wangu, mwanafunzi wangu!"

Mzee Taarifa alicheka mpaka redio ikamponyoka. "Hii naitangaza! Hata upepo haujafika, kitu chepesi kimeshafunuliwa!"

"Nyinyi chekeni shati," Mama Birika akasema. "Hamwoni alipofika?"

Wakainua macho. Uzi alikuwa amekwisha kumaliza ghorofa ya kwanza. Kicheko kikakatika. Nondo alisimama chini ya ngazi, mikono ameitanguliza mbele, tayari kudaka. Mzee Taarifa alishindwa kujizuia.

"Kona! Inua nyuma!"

"Mzee," sauti nyembamba ikajibu kutoka juu, "nimebeba mama yangu. Sikubeba kabati."

Kwenye ghorofa ya pili Uzi aliegemeza bega ukutani, akapanda tena.

"Unatetemeka," mama akamnong'oneza.

"Nacheka, mama."

"Muongo. Na kichwa kisije kikavimba. Daktari aliniambia nipungue, nyonga ipumue. Unadhani nusu sahani nilikuwa naacha kwa kushiba? Leo kanipima, nimepungua sana. Sasa niambie, kilo zangu zimekwenda wapi?"

Uzi akapanda ngazi nyingine.

"Umezila, mwanangu."

Kicheko kilimpanda, akakimeza kwa nguvu, maana kingetoka wangeshuka wote wawili kwa njia ya mkato. Mama akamlazia kichwa begani, kwenye bega lile lile la mifupa mitupu.

"Lakini umenibeba," akasema.

Uzi alifurahi mpaka machozi yakamtoka, na kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi, aliyaacha yatiririke.

Alirudi chini akishikilia ukuta, akajitupa kwenye kiti cha cherehani. Hakuna aliyemtania. Mama Birika alimsogezea chai na yai bila kuulizwa. Nondo alikuja akakaa karibu, karibu zaidi ya kawaida, akatazama kulia na kushoto.

"Fundi," akanong'ona. "Ule mshono wako. Shati langu nalo linaweza kupunguzwa? Kidogo tu, hapa kwenye mikono."

Kabla Uzi hajajibu, dirisha la juu likafunguka.

"Mwanangu! Nilisahau kukwambia! Daktari kasema nimefika pale alipotaka. Kuanzia leo namaliza sahani yangu mwenyewe! Na mwezi ujao ananitaka tena kliniki!"

Dirisha likafungwa. Mzee Taarifa akazima redio. Macho yote ya kijiweni yaligeuka taratibu na kutua kwa fundi cherehani.

Uzi akaliweka yai chini, akalitazama, akaliokota tena.

"Nondo," akasema, "kesho ongeza makopo."