Fomu ya Paka Msafiri na Mzigo Wake

Inatangazwa kwa watu wote, na kwa mbwa na paka wote popote walipo, kwamba kuanzia Jumatatu hakuna mnyama wa kufugwa atakayevuka kizuizi na kuingia jimboni bila kujaza fomu, kuhojiwa na kukubaliwa. Asiyeelewa tangazo hili aulize dirishani. Dirisha liko wazi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, isipokuwa likifungwa.

Maneno hayo yalibandikwa ukutani katika ofisi mpya ya Mamlaka ya Mbwa na Paka Wageni. Chini yake, nyuma ya dirisha namba mbili, alikaa Karani. Dirisha namba moja halikuwahi kujengwa. Karani alikuwa mtu mwema, shati lake limepigwa pasi mpaka linataka kusimama lenyewe, na sheria ile aliijua herufi kwa herufi, kwa kuwa aliiandika yeye.

Ilikuwa hivi. Mkurugenzi alimpa siku mbili atunge fomu. Siku mbili, na Karani mwenyewe hajawahi kufuga hata kuku. Akafanya kama wafanyavyo makarani wote wenye akili: akachukua fomu ya zamani, ile ya abiria, akaibadilisha kichwa tu. Palipoandikwa "msafiri," sasa ni mbwa au paka. Alipofika kwenye "mizigo aliyo nayo msafiri," alikuna kichwa mpaka chai ikapoa. Paka anasafiri na nini? Ana sanduku? Mwisho akaona mwanga: paka anasafiri na mwenye paka. Basi akaandika, kwa mkono mzuri kabisa, kwamba mzigo ni mtu aliyefuatana na mnyama. Maneno mengine ya fomu aliyaacha yalivyokuwa. Mzigo haujibu maswali kwa niaba ya msafiri. Mzigo hausaini. Msafiri akikataliwa, hurudishwa alikotoka pamoja na mizigo yake yote.

Mkurugenzi aliipokea mguu mmoja ukiwa garini, anawahi kukata utepe mahali. Akaisaini juu ya boneti bila kuisoma. Hapo ikawa sheria, na sheria hiyo ikaenda vizuri sana mpaka Alhamisi, kwa sababu mpaka Alhamisi hakuna mnyama aliyepita.

Alhamisi saa sita mchana akaja Bibi Fundi. Walimwita hivyo kwa kushona, na vidole vyake bado vilikuwa na alama za sindano. Mkono mmoja sanduku, mkono mwingine kikapu, na ndani ya kikapu paka mzee mwenye jicho moja. Ng'ambo ya kizuizi, hatua kumi tu, alisimama mkwe wake, simu sikioni, anazunguka kama amekanyaga siafu.

"Shikamoo, bibi," Karani akasema.

"Marahaba, mwanangu. Nipitishe upesi. Binti yangu uchungu umemshika, ni mimba yake ya kwanza, na hataki mwingine karibu yake ila mimi."

"Utapita, bibi. Kwanza nimhoji msafiri."

"Msafiri si ndiye mimi?"

"Hapana, bibi. Wewe ni mzigo."

Bibi Fundi alimtazama kwa utulivu. "Nimeitwa mengi," akasema, "lakini hilo sijaitwa tangu mume wangu afariki."

Karani akamfunga lebo kwenye kifundo cha mkono: Mzigo, kipande kimoja, shika taratibu. Kisha akakagua vyeti vya msafiri. Kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, ipo. Cheti cha daktari wa mifugo, kipo, na muhuri haujafifia. Picha mbili, ya mbele na ya ubavuni. Vyeti vya paka yule vilikuwa safi kuliko vya Karani mwenyewe. Akafurahi, akashika kalamu, akainama mpaka usawa wa kikapu.

"Jina lako kamili?"

Paka akamtazama kwa jicho lake hilo hilo moja.

"Anaitwa Chongo," Bibi akasema.

"Mzigo usijibu, tafadhali. Msafiri, unakuja jimboni kwa shughuli gani?"

Chongo akajilamba paja.

"Una ndugu huku? Unakusudia kukaa muda gani? Umewahi kufukuzwa mahali popote?"

"Hilo la mwisho usimuulize," Bibi akasema. "Jikoni anafukuzwa kila siku."

Karani akanyoosha mgongo. Fomu ilikuwa na nafasi tano tupu, na fomu yenye nafasi tupu haipokelewi. "Itabidi tusubiri," akasema.

"Tusubiri nini?"

"Ajibu."

"Mwanangu, nimekaa naye miaka kumi na mmoja sijapata jibu. Nyumba nimeshairudisha kwa mwenye nyumba, wa kumwachia sina. Ningekuwa na wa kumwachia, ningekuwa nimeshafika kwa binti yangu."

Karani alijisikia vibaya moyoni. Lakini sheria ilikuwa mbele yake, imepigwa laminesheni.

Wakasubiri. Saa saba ikapita, saa nane ikapita. Askari wa kizuizi akaja kuegemea ukuta. "Kaka, huyo paka anakuchezea tu. Jaza chochote, bibi wa watu aende."

"Kujaza chochote ni kughushi."

"Basi muulize kwa sauti, labda hasikii vizuri."

Karani akamuuliza kwa sauti. Chongo akalala.

"Mama," mkwe akaita toka ng'ambo, "nesi anasema njia inafunguka."

"Mwambie asisukume kwanza."

"Nimwambie nesi?"

"Nesi anasukuma nini? Mwambie mkeo."

Bibi akavuta kiti, akakaa mbele ya dirisha, mikono mapajani. Ili muda upite, akaanza. "Kitendawili."

"Tega," Karani akajibu, kabla hajakumbuka kwamba yuko kazini.

"Mzee wangu hana meno, anakula karatasi kutwa na hashibi."

Karani akafikiri. "Panya."

"Panya ana meno."

"Mende. Moto. Kisanduku cha maoni."

"Umekaribia, ila umeshindwa. Nipe mji."

"Mji siwezi kukupa, bibi. Ni mali ya umma."

"Basi nipe hata kijiji."

"Kijiji kinahitaji kikao."

"Haya, nakupa jibu bure. Ni hilo dirisha lako."

Askari alicheka mpaka kofia ikaanguka. Karani hakucheka, ila alilitazama dirisha lake kwa namna ambayo hakuwahi kulitazama.

Saa tisa na nusu honi ikalia. Ni gari la Mkurugenzi, linarudi kutoka safari ya nje ya jimbo, na kiti chote cha nyuma kimejaa mbwa mkubwa, mpya, ulimi nje.

"Fungua," Mkurugenzi akasema.

Askari akamtazama Karani. Karani akatoka nje kwa heshima zote. "Mheshimiwa, umefuatana na msafiri."

"Msafiri gani?"

"Huyo anayekudondoshea mate begani. Lazima ahojiwe."

Mkurugenzi akashuka, akaingia ofisini, akasoma fomu kwa mara ya kwanza. "Ahojiwe mbwa? Nani aliidhinisha upuuzi huu?"

Karani akamwonyesha saini. Mkurugenzi akaitazama kwa muda, kama mtu aliyekutana na mtoto aliyemkana.

"Ni sheria nzuri," akasema. "Ina kasoro ndogo tu. Mnyama hajui kusema, sivyo? Lete karatasi." Akaandika waraka pale pale: kuanzia sasa, msafiri atakayenyamaza anapoulizwa ahesabiwe amejibu vema. Akasaini, akagonga muhuri mara mbili. "Haya, nihudumie."

"Kwa foleni, mheshimiwa. Wa kwanza ni paka."

Karani hajawahi kuuliza maswali kwa raha namna ile. Jina? Kimya. Shughuli? Kimya. Chongo alipita yote matano bila hata kuamka, unyayo wake ukachovywa wino, ukagandamizwa kwenye fomu. "Msafiri amekubaliwa," Karani akatangaza, "na mzigo wake." Kizuizi kikapanda. Mkwe akanyakua sanduku, na Bibi Fundi, umri ule, kikapu kifuani, akamwacha nyuma.

"Msafiri anayefuata," Karani akasema. "Jina lako kamili?"

Mbwa akabweka.

Karani akaweka kalamu chini. "Amejibu."

"Sasa si uandike?"

"Waraka wako unamhusu anayenyamaza, mheshimiwa. Huyu amesema, tena kirefu, na mimi sikuelewa hata neno. Anahitaji mkalimani aliyeapishwa. Kadi ya chanjo anayo?"

Kadi hakuwa nayo. Cheti hakuwa nacho. Picha alikuwa nayo moja, amekumbatiana na Mkurugenzi.

"Nyamaza wewe," Mkurugenzi akamkemea mbwa.

"Mzigo usimshawishi msafiri."

"Mzigo? Unajua mimi ni nani?"

"Najua, mheshimiwa." Karani alikuwa anamfunga lebo, kwa adabu, fundo zuri la kipepeo. "Kipande kimoja, shika taratibu."

"Basi mbwa abaki, niingie peke yangu."

"Mzigo hauingii bila msafiri wake. Utapotea."

"Lete karatasi niandike waraka mwingine."

"Mzigo hausaini."

"Nani basi anayesaini?"

"Mkurugenzi," Karani akasema, na kwa huzuni ya kweli akaongeza, "lakini leo hayupo ofisini."

Saa kumi kamili dirisha likafungwa. Askari akaligeuza gari la Mkurugenzi, akalielekeza lilikotoka.

Hospitalini, mtoto wa kike alikuwa amechungulia dunia robo saa baada ya bibi yake kufika. Nesi aliiona lebo, akauliza ni mzigo wa nani. "Wa paka," Bibi akajibu, na hakuweza kueleza zaidi kwa sababu alikuwa anamfunika mjukuu.

Asubuhi, Karani alipofika kazini, alimkuta Mkurugenzi amepiga magoti nje ya kizuizi, tai begani, anamsihi mbwa kwa sauti ya chini: swali likija, baba, kaa kimya, nitakupa mfupa. Karani akafungua dirisha. Kwa mujibu wa sheria, anayesalimiwa kwanza ni msafiri.

"Karibu," akamwambia mbwa. "Umeamkaje? Na mzigo wako, umelala salama?"

Mbwa akajibu.